Samaki Wanaopatana katika Tangi la Matumbawe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafugaji wa Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kufuga samaki wa bahari nyumbani ilhali bahari yenyewe iko mbali naye kwa mamia ya kilomita. Mkaaji wa Mombasa akikosea kuchagua, anaweza kumrudishia muuzaji samaki wake jioni ile ile. Mkaaji wa Milimani, Kisumu, au wa Section 58, Nakuru, hana nafasi hiyo: samaki amefika kwa ndege au kwa basi la usiku, amechoka, na hakuna pa kumpeleka. Kwa sababu hiyo uteuzi wote unapaswa kukamilika kabla pesa hazijatumwa.

Inaposemwa kwamba samaki fulani "wanapatana", maana yake ni nini hasa?

Wengi hudhani kwamba ni suala la upole, yaani samaki mpole akiwekwa na mpole mwenzake basi mambo yamekwisha. Upole ni sehemu tu. Jambo la kwanza la kuangalia ni mdomo: samaki yeyote wa kula nyama anayeweza kummeza mwenzake atammeza siku moja, hata kama wameishi pamoja miezi sita bila tatizo, kwa sababu mmoja amekua na mwingine hakukua. La pili ni makao, kwa kuwa samaki wengi wa mwambani hudai pango au kipande cha mchanga kuwa chao, na humfukuza hasa yule anayefanana nao kwa umbo, kwa rangi au kwa namna ya kula. La tatu ni chakula, maana samaki mwepesi wa kurukia chakula humfisha njaa samaki mtaratibu bila kumgusa hata mara moja. Katika tangi la matumbawe kuna la nne, ambalo ni kama samaki atayaacha salama matumbawe yenyewe pamoja na kamba, kaa na konokono wanaofanya kazi ya usafi.

Juu ya yote hayo kuna hewa iliyomo ndani ya maji, jambo ambalo vitabu vingi havilitilii mkazo kwa kuwa vimeandikiwa watu wanaoishi usawa wa bahari. Sisi hatuishi huko.

Je, ninaweza kuwachanganya na ngege, fulu au kambare wa Ziwa Victoria?

Hapana. Mwili wa samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, umeumbwa kuhifadhi chumvi na kutoa maji ya ziada. Ukiwekwa baharini, unapoteza maji hadi samaki anakufa. Wapo perege wachache wanaoweza kuzoeshwa chumvi polepole, lakini wana fujo, wanachafua maji na watang'oa kila tumbawe walilolikuta. Ukiwapenda fulu, na ni samaki wa kupendeza kweli, wape tangi lao la maji baridi.

Nitumie maji gani? Ziwa si liko hapa karibu?

Maji ya Ziwa Victoria ni maji baridi, na yana mwani, matope na virutubisho vingi visivyohitajika. Maji ya Ziwa Nakuru yana chumvi, lakini ni chumvi ya magadi, na ukali wake wa pH hukaribia 10 au kupita, wakati samaki wa bahari wanahitaji takriban 8.1 hadi 8.4. Chumvi ya mezani nayo ni sodiamu kloraidi peke yake pamoja na iodini iliyoongezwa. Haina magnesiamu, kalisi wala madini mengine ambayo matumbawe huyatumia kujenga mifupa yao.

Njia inayotumika ni kununua chumvi maalumu ya akwariamu ya bahari na kuichanganya na maji yaliyochujwa kwa mtambo wa osmosisi. Maji ya mfereji yana klorini, na maji ya visima vingi vya Nakuru na Bonde la Ufa kwa jumla yana floraidi nyingi, kwa hiyo mtambo huo si anasa. Kila lita huhitaji takriban gramu 35 za chumvi, yaani tangi la lita 200 litameza karibu kilo 7 kwa mara ya kwanza. Pima kwa refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi ya maji, hadi uzito linganifu uwe 1.025. Maji yanapopungua kwa kugeuka mvuke, na Kisumu hupungua haraka, ongeza maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi. Chumvi haipai na mvuke, hubaki tangini, na anayeongeza maji ya chumvi kila siku huwakausha samaki wake pole pole.

Mwinuko wa mahali unahusiana vipi na uchaguzi wa samaki?

Unahusiana sana. Maji ya chumvi hubeba oksijeni pungufu kuliko maji baridi ya joto lile lile, tofauti ikikaribia moja ya tano. Kisha kadiri unavyopanda kutoka pwani, ndivyo kanieneo ya hewa inavyopungua na oksijeni inayoweza kuyeyuka majini inavyopungua nayo. Kwa joto la nyuzi 25, maji ya bahari yaliyoshiba hewa pale Mombasa huwa na takriban miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita. Kisumu, ambako ni mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, kiwango hicho hushuka hadi karibu 5.9, Nakuru, kwenye mita 1,850, hushuka hadi karibu 5.4. Samaki hawafi kwa sababu hiyo peke yake, lakini akiba imekuwa ndogo, na usiku, taa zinapozimwa na mwani pamoja na matumbawe vikawa vinapumua bila kutengeneza oksijeni, akiba hiyo huisha mapema.

Kutokana na hayo, mapendekezo ya idadi ya samaki yanayotoka Ulaya au Marekani yapunguzwe kwa angalau robo ukiwa Nakuru, Eldoret au Kericho. Pampu moja ielekezwe juu ili uso wa maji utikisike muda wote. Tena, samaki wanaoogelea bila kupumzika, kama vile kangaja na anthia, huhitaji hewa nyingi kuliko gobi anayekaa chini siku nzima, hivyo anayeishi juu mlimani ana sababu ya ziada ya kuwapendelea samaki wadogo wa chini.

Tangi langu linaweza kubeba samaki wangapi?

Hakuna kanuni ya sentimita kwa lita inayofaa, kwa kuwa samaki wawili wenye urefu mmoja wanaweza kutofautiana mara tatu kwa uzito na kwa uchafu wanaoutoa. Kwa nyanda zetu, tangi la lita 100 lipokee samaki wadogo watatu, wasizidi wanne. Tangi la lita 200 litawatosha watano au sita ambao hata wakikua hawapiti sentimita 8 au 10. Kuanzia lita 400 mtu anaweza kufikiria kangaja mmoja wa aina ndogo. Hesabu hufanywa kwa urefu wa samaki mzima, si wa mtoto aliyemo kwenye mfuko wa plastiki.

Chini ya lita 80 sipendekezi kwa anayeanza. Tangi dogo linavutia kwa bei, lakini joto na chumvi hubadilika ndani yake kwa saa chache.

Nianze na samaki gani?

Wa kwanza kufikiriwa (utaratibu wa kuwaingiza tangini umeelezwa mbele) ni samaki klauni wawili, Amphiprion ocellaris, ikiwezekana wale waliozaliwa tangini. Ni wagumu, hula chochote, na hawayagusi matumbawe. Nunua wawili wachanga wanaotofautiana kwa ukubwa: mkubwa atakuwa jike na mdogo atabaki dume, kwa kuwa samaki hawa wote huanza maisha wakiwa na uwezo wa kuwa madume, na jike akifa dume wake hugeuka kuwa jike. Ukiwaweka wanne, wawili wataoana na kuwasumbua wengine hadi kufa. Usichanganye aina mbili za klauni katika tangi moja, na umwepuke Premnas biaculeatus mwenye rangi ya damu ya mzee, ambaye jike lake hukubali kutawala tangi zima na si vinginevyo.

Wa pili awe gobi. Hapa ndipo tangi dogo linapolishinda tangi kubwa kwa raha ya kutazama. Gobi wa jenasi za Stonogobiops na Amblyeleotris huishi shimo moja na kamba mdogo wa jenasi ya Alpheus. Kamba huyo haoni vizuri, lakini ni mchimbaji hodari: utamwona akitoka gizani akisukuma rundo la mchanga mbele ya magando yake, akilimwaga mlangoni, akageuka kurudi. Gobi husimama pale mlangoni akilinda zamu. Kila kamba anapotoka, hunyosha papasi yake moja hadi imguse gobi, na haiondoi. Gobi akitikisa mkia kidogo, kamba hurudi ndani. Akitikisa kwa nguvu, wote wawili hutoweka kabla hujajua ni kivuli cha nani kilichopita. Wape mchanga wa kina cha sentimita 5 au zaidi, na mawe yakae juu ya sakafu ya kioo, si juu ya mchanga, la sivyo kamba atachimba chini yake na jiwe litaporomoka.

Wa tatu anaweza kuwa bleni. Salarias fasciatus hukwangua mwani kwenye mawe na kioo, ila asiletwe katika tangi jipya lisilo na mwani kwa kuwa atakonda. Ecsenius midas, ambaye anapatikana pia katika mwambao wetu, huogelea katikati ya maji na ana tabia ya kuchungulia kutoka tundu la jiwe kwa uso unaomfanya mgeni yeyote acheke.

Wa nne, kadinali wa Banggai, Pterapogon kauderni, kutoka Indonesia. Wakaaji wa kando ya ziwa watamwelewa upesi: fulu jike hubeba mayai na watoto kinywani, na kadinali hufanya vivyo hivyo, isipokuwa kwake mbebaji ni baba. Mchukue mmoja, au jozi iliyokwisha kuoana; madume wawili watapigana. Kwa kuwa samaki huyu yumo hatarini katika makao yake ya asili, mwulize muuzaji kama amezaliwa tangini.

Samaki klauni anahitaji anemoni?

Hahitaji. Baharini hawezi kuishi bila anemoni kwa sababu ya maadui. Tangini hana maadui. Anemoni ndiye mwenye mahitaji makubwa: taa kali, maji yaliyokomaa kwa miezi mingi, na uhuru wa kutembea. Akitembea huyachoma matumbawe anayopitia, na akiingia katika pampu huchanika na kuharibu maji ya tangi zima. Anemoni wa zulia, jenasi ya Stichodactyla, hunasa na kula samaki wadogo, wakiwemo gobi uliowatafuta kwa taabu. Katika pwani ya Kenya klauni wa asili ni Amphiprion allardi na Amphiprion akallopisos; wote wawili hufugika bila anemoni, ingawa allardi hukua mkubwa na mkali zaidi kuliko ocellaris.

Mbona damseli ni wa bei nafuu na kila mtu ananiambia nisimchukue?

Kwa sababu hafi, na kwa sababu hawaachi wengine waishi. Dascyllus trimaculatus, mweusi mwenye madoa matatu meupe, hukamatwa kwa wingi mwambao wa Kenya. Akiwa na ukubwa wa ukucha hupendeza. Akikua kufikia sentimita 12 au zaidi humfukuza kila anayeingia, na kumtoa kunalazimu kuondoa mawe yote. Zamani watu walimtumia kuanzishia tangi jipya ili amonia ya uchafu wake ilishe bakteria wanaosafisha maji. Leo hakuna haja: tone la amonia ya dukani au kipande cha kamba mbichi hufanya kazi hiyo bila kumtesa samaki. Subiri hadi vipimo vya amonia na naitraiti (sumu ambayo bakteria huitengeneza kutokana na amonia) vyote viwe sifuri, jambo ambalo huchukua wiki nne hadi sita, ndipo ulete samaki wa kwanza.

Ukitaka rangi ya buluu, Chrysiptera hemicyanea ni mtulivu kidogo kuliko ndugu zake. Chromis viridis ni mpole, ila kundi lake hupungua mmoja mmoja kwa kuonewa ndani kwa ndani, kwa hiyo usishangae ukianza na sita ukabaki na wawili.

Nimempenda kangaja wa buluu. Je, anawezekana?

Swali hili huulizwa kuliko mengine yote, na jibu lake hutegemea ni kangaja yupi. Acanthurus leucosternon, mwenye mwili wa buluu hafifu, uso mweusi na pezi la manjano mgongoni, ni samaki wa mwambao wetu na kwa hiyo hupatikana kwa wauzaji wa Mombasa kwa bei isiyotisha. Ni bei hiyo inayowaponza watu. Hukua kupita sentimita 20, huogelea mchana kutwa, huwashambulia kangaja wenzake, na hushikwa na ugonjwa wa madoa meupe kwa wepesi kuliko karibu samaki yeyote mwingine anayeuzwa. Anahitaji tangi lenye urefu wa mita 1.8 na maji yenye hewa tele. Kwa Nakuru, mimi ningemwacha.

Paracanthurus hepatus, yule wa buluu iliyokoza mwenye mkia wa manjano, hufikia sentimita 30. Watoto wake huuzwa wakiwa na sentimita 4, na watu huamini kwamba watalinunua tangi kubwa baadaye. Zebrasoma desjardinii, ambaye naye ni wa Bahari ya Hindi, hufikia sentimita 40.

Wanaowezekana katika lita 400 ni wadogo wa jenasi ya Ctenochaetus, ambao hufagia mwani mwembamba kwa midomo yenye meno kama nywele, na Zebrasoma flavescens wa manjano kutoka Hawaii. Awe mmoja tu. Kangaja wote wana kisu kidogo kila upande wa shina la mkia. Humchana kwacho mwenzake, na humkata pia mfugaji anayemshika ovyo.

Mwenye haja ya samaki wa kula mwani na asiyetaka ugomvi amfikirie tafi, hasa Siganus vulpinus. Huwa mpole kwa wengine, ijapokuwa miiba yake ina sumu yenye maumivu makali na akiwa na njaa anaweza kuonja matumbawe laini.

Ni samaki gani wasiofaa kabisa katika tangi la matumbawe?

Samaki vipepeo wengi wa jenasi ya Chaetodon hula matumbawe, na baadhi yao, kama Chaetodon trifasciatus, hawali kingine hata wakifa njaa. Hao wasinunuliwe na mtu yeyote, awe na matumbawe au asiwe nayo. Pono hutafuna mwamba wenyewe. Vikande huvunja konokono na kaa, na hupindua mawe kutafuta kilicho chini. Bunju hufanya vivyo hivyo na hukua. Samaki sanduku, yule mdogo wa manjano mwenye madoa meusi, ni hatari ya namna nyingine: akitishika sana au akifa, ngozi yake hutoa sumu inayoweza kuwaua samaki wote wa tangi.

Kuhusu vitatange, wakubwa wa jenasi ya Pomacanthus hawafai. Wadogo wa jenasi ya Centropyge ni bahati nasibu. Centropyge acanthops, wa rangi ya chungwa na buluu, ni wa pwani yetu, hapiti sentimita 8, na huenda akaishi miaka bila kugusa tumbawe. Ndugu yake aliyekamatwa siku ile ile akaanza kudonoa wiki ya kwanza. Anayemtaka akubali hatari hiyo, na amweke mmoja tu.

Na samaki simba, chewa na mkunga?

Hawali matumbawe, ila hula samaki na kamba. Samaki simba ana mdomo unaopanuka kuliko unavyodhania, na miiba yake ina sumu. Hao ni wa tangi lao wenyewe.

Kuna samaki wapole ambao bado hawafai?

Wapo, na kosa lao ni tumbo. Mandarini, Synchiropus splendidus, hamwudhi mtu, lakini hula vidudu hai vidogo vya mawe siku nzima. Tangi la chini ya mwaka mmoja halina vidudu vya kumtosha. Atakonda taratibu ubavuni, akiwa bado na rangi zake zote, na atakufa kabla mwenye tangi hajatambua. Samaki msafishaji wa Labroides dimidiatus, anayepatikana kwa urahisi pwani, hutegemea wadudu wa miili ya samaki wengine na wengi wao hawazoei chakula cha tangini. Kazi yake ifanywe na kamba msafishaji, Lysmata amboinensis, ambaye hula mabaki pia. Anthia, kama Pseudanthias squamipinnis wa mwambao wetu, huhitaji kulishwa mara tatu au zaidi kwa siku, jambo gumu kwa mtu anayetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi magharibi.

Waingizwe kwa utaratibu gani?

Waoga kwanza, wakali mwisho. Gobi, bleni na kadinali waingie mapema wachague mashimo yao. Klauni wafuate. Samaki kama Pseudocheilinus hexataenia, mdogo lakini mwenye hasira nyingi, aingie wa mwisho kama ni lazima aingie. Baina ya samaki mmoja na anayefuata zipite wiki tatu au nne, ili bakteria wapate kuongezeka kulingana na uchafu. Siku ya kumwingiza mgeni, hamisha mawe mawili matatu na uzime taa. Wenyeji wakipoteza mipaka yao, hushughulika na kutafuta makao badala ya kumwandama mgeni.

Funika tangi kwa wavu mwembamba. Gobi na jamii ya Halichoeres huruka, na hawaruki mchana ukiwa unawatazama.

Nitajuaje kwamba hawapatani?

Kufukuzana kwa siku mbili tatu ni kawaida. Kisicho cha kawaida ni mapezi yaliyochanika, samaki anayekaa pembeni juu karibu na hita, kupumua kwa kasi, au kukataa kula. Angalia hasa wakati wa chakula: mnyonge akija anakula na kukimbia, bado kuna matumaini, asipokuja kabisa, mtenge mkali na si mnyonge, kwa kumweka katika kisanduku cha plastiki chenye matundu ndani ya tangi kwa wiki moja. Mara nyingi akitoka huwa amepoteza cheo.

Samaki akisafirishwa kutoka pwani nimpokee vipi?

Agiza kwa jina la Kilatini ili usipate asiye wako. Samaki aliyekaa mfukoni saa nyingi huwa amejaza maji kaboni dayoksaidi na amonia. Kaboni hiyo hushusha pH, na pH ikiwa chini amonia haidhuru sana. Mfuko ukifunguliwa, gesi hutoka, pH hupanda na amonia ile ile huwa sumu kwa dakika chache. Kwa hiyo aliyesafiri usiku kucha asidondoshewe maji kwa saa mbili kama wanavyofundishwa watu walio karibu na duka. Acha mfuko uliofungwa uelee juu ya maji kwa dakika 20 ili joto lilingane, hakikisha mapema kwamba chumvi ya tangi la karantini, yaani la kumtenga mgeni, inalingana na ya muuzaji, kisha fungua na umhamishe samaki upesi bila maji yake.

Karantini iwe ya wiki nne hadi sita katika tangi la pekee lenye chujio, hita na kipande cha bomba la kujifichia. Dawa ya shaba inayotibu madoa meupe, yaani vimelea vya Cryptocaryon irritans, huua kamba, konokono na matumbawe, hivyo haiwezi kutiwa katika tangi kuu. Vimelea hivyo vikishaingia huko, njia iliyobaki ni kuwatoa samaki wote na kuliacha tangi bila samaki kwa wiki 10 hadi 11.

Joto na kukatika kwa umeme vinaathiri uchaguzi?

Joto linalotakiwa ni nyuzi 24 hadi 27. Nakuru, usiku wa baridi, hita ni lazima, na mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa, kwa kuwa moja ikiharibika nyingine itashikilia hadi asubuhi. Kisumu tatizo ni kinyume: chumba chenye paa la mabati kinaweza kulifikisha tangi nyuzi 30 mchana, na maji ya joto hubeba hewa kidogo zaidi. Feni inayopuliza juu ya maji hupunguza nyuzi mbili au tatu kwa gharama ndogo.

Stima ikipotea, kinachoua kwanza ni ukosefu wa hewa. Pampu ya hewa inayotumia betri, yenye uwezo wa kujiwasha yenyewe, inunuliwe kabla ya samaki wa tatu. Usiwalishe wakati huo.

Niwalishe omena?

Omena mkavu huja na mchanga, huchafua maji, na hauwasaidii chochote samaki wanaokula mwani. Kamba wa bahari wasiotiwa viungo, waliokatwakatwa vipande vidogo, pamoja na mwani mkavu wa kuliwa uliobanwa kwenye kioo, vinafaa zaidi. Chakula cha punje cha samaki wa bahari kiwe nyongeza.

Nikienda Diani au Watamu likizo, naweza kujiokotea?

Hapana. Ndani ya hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, hakuna kinachookotwa. Nje ya hifadhi, ukamataji wa samaki wa mapambo huendeshwa kwa leseni chini ya sheria ya uvuvi ya mwaka 2016. Matumbawe magumu, chaza wakubwa na samaki-farasi wamo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na biashara yao ya kuvuka mpaka huhitaji vibali. Mwulize muuzaji leseni yake; aliye nayo haoni haya kuionyesha.

Samaki wangu amekua kupita tangi. Nimwachilie wapi?

Asiachiliwe popote. Katika Ziwa Victoria atakufa, na vimelea vyake havina kazi huko. Kumpeleka Mombasa na kumtupa baharini ni vibaya zaidi iwapo asili yake ni Pasifiki au Karibi: samaki simba walioonekana pwani ya Florida katika miaka ya 1980 sasa wamejaa Karibi yote, na sisi wenyewe tunajua mbuta aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 aliwafanyia nini fulu. Mpe mfugaji mwingine mwenye tangi kubwa, au mwombe muuzaji ampokee hata bila malipo. Asilishwe siku moja kabla ya safari. Mfuko uwe wa ngozi mbili, theluthi moja maji na theluthi mbili hewa, ukiwekwa ndani ya kasha la povu na kufunikwa asione mwanga hadi afike.